Kozi ya Video Haianzi na Kamera

Ukiuliza Mombasa jinsi ya kuanzisha kozi ya video, iwe ya kuchora piko au kupika biriani, jibu la kwanza huwa kamera. Tena iwe ya 4K, ule ubora wa juu wa picha! Si kweli. 4K ina nukta za picha mara 4 ya 1080p (Full HD), na mwanafunzi wa Likoni anayetazama kwenye simu hazitambui. Anachotambua ni bando likiisha. Simu inayorekodi 1080p yatosha.

Kinachofukuza watazamaji ni sauti. Picha hafifu mtu huvumilia, maneno yasiposikika huondoka. Na mji wetu una kelele: feni, tuktuk dirishani, jenereta ya jirani. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi. Tandika zulia, shusha mapazia mazito, zima feni (utatoka jasho, ndiyo) na ubane maikrofoni ndogo kwenye kola. Ufukweni kusi ikivuma, bila kifuniko cha sifongo utarekodi upepo tu.

Kabla ya yote hayo, shika karatasi. Andika mwanafunzi ataweza kufanya nini mwishoni, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Biriani si somo moja: kukaanga vitunguu, kupika masala, kuchemsha mchele ukiwa bado na kiini, kupalia makaa. Kila hatua video yake fupi. Hapo ndipo utajua mapema kuwa vitunguu vyataka kurekodiwa kutoka juu, mbali kidogo na mvuke usije ukafunika lenzi. Rekodi moja ya majaribio, umpe mtu asiyejua kupika aifuate, ndipo uendelee na nyingine.