Kinga ya Mtoto wa Nguruwe Huanzia kwa Mama Yake
Malalamiko kuhusu watoto wa nguruwe wanaoharisha na kufa katika siku za mwanzo yameongezeka, na mengi huambatana na ombi la antibiotiki ya "kuongeza kinga". Hasara ya wafugaji tunaitambua, lakini dawa ya namna hiyo haipo. Antibiotiki hupambana na bakteria waliokwisha kuingia. Haimjengei mnyama kinga.

Kondo la nyuma la nguruwe halipitishi kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na vimelea vya magonjwa, hivyo mtoto huzaliwa akiwa karibu hana kabisa na huzipata kwa kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Utumbo wake hupokea kingamwili hizo kwa takribani saa 24, huku uwezo huo ukipungua saa baada ya saa. Kwa hiyo saa 6 za kwanza ndizo za thamani zaidi. Kila mtoto anahitaji walau gramu 200 za dang'a. Wanaotetemeka kwa baridi hawanyonyi, basi wakaushwe, wapatiwe joto na waelekezwe kwenye chuchu. Na anayehamishiwa kwa mama mwingine anyonye kwanza dang'a ya mama yake.

Ubora wa dang'a hutegemea chanjo ya mama. Dhidi ya kuhara kunakosababishwa na bakteria wa E. coli, nguruwe jike ambaye hajawahi kuchanjwa kwa kawaida hupewa dozi mbili, ya pili ikitangulia kuzaa kwa wiki kadhaa kama lebo inavyoelekeza, ili kingamwili zipate muda wa kujikusanya kwenye kiwele. Chanjo ihifadhiwe kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Iliyoganda itupwe, hata ikiwa imeyeyuka na kuonekana nzima. Daftari lionyeshe namba ya hereni ya sikioni, jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, dozi na aliyechanja. Tumeeleza haya mara nyingi, na bado tunaletewa madai kwamba chanjo "haifanyi kazi" bila hata tarehe ya kuchanja.

Kuchanganya antibiotiki kwenye chakula cha nguruwe wasio wagonjwa ni jambo zito zaidi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake ya kukuzia mifugo mwaka 2006, na mwaka 2015 watafiti nchini China waliripoti jeni ya usugu (uwezo wa bakteria kutouawa na dawa) dhidi ya kolistini, dawa ya akiba kwa wagonjwa mahututi, katika bakteria waliotoka kwa nguruwe pia. Aidha, mnyama aliyetibiwa asichinjwe kabla ya muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo kwisha. Nyama itakayobainika kuwa na mabaki yanayozidi kiwango huzuiwa, na asiye na kumbukumbu za matibabu hana cha kujitetea nacho.

Vifo vinapoendelea licha ya hayo yote, daktari wa mifugo aitwe achukue sampuli kabla ya dawa yoyote kutolewa, kwa sababu dawa ikitangulia, maabara inaweza kushindwa kuotesha bakteria aliyesababisha ugonjwa.