Usikwangue kutu ya upanga wa kale

Mtu akiniletea upanga uliofukuliwa ardhini, swali lake la kwanza huwa kama nitaung'arisha. Huwa nakataa, na mfano ninaoutoa ni upanga wa Sutton Hoo.

Ulifukuliwa mwaka 1939 mashariki mwa Uingereza, katika kaburi la mwanzoni mwa karne ya 7 ambamo mtu mwenye cheo alizikwa ndani ya merikebu. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikagandana na ala yake. Angetokea mtu na msasa siku ile, tungebaki na vumbi. Kutu huhifadhi umbo la kilichoigusa: mbao za ala, ngozi, hata manyoya ya kondoo ambayo panga nyingi za enzi hizo zilitandikiwa ndani ya ala ili mafuta yake yakinge chuma. Chini ya hadubini unaona nyuzi za mbao moja moja, zimegeuka madini.

Kilichojificha zaidi kilionekana kwa eksirei. Mhunzi alifunga fito nyembamba 7 za chuma kuwa tita moja, na matita ya namna hiyo yalikuwa 8. Aliyafua motoni, sehemu nyingine akazisokota, nyingine akaziacha zimenyooka. Kisha manne akayaunganisha mgongo kwa mgongo na manne mengine, na pembeni akafulia makali. Upanga uliposuguliwa, misokoto ile ilijichora kwenye bapa mithili ya ukili uliosukwa. Leo macho matupu hayaoni chochote cha hayo.

Kwa hiyo sura yake ilirudishwa kwenye upanga mwingine. Mhunzi wa Marekani, Scott Lankton, alifua nakala kwa kufuata ushahidi huo, na ule wa asili ukaachwa na kutu yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia sahihi.

Dhahabu nayo haishiki kutu, lakini huchakaa. Kitako cha mpini wa upanga huu, cha dhahabu chenye vito vyekundu vya garneti, kimelika zaidi upande mmoja. Sue Brunning, mtaalamu wa makumbusho ya British Museum huko London, alipouchunguza ulikaji huo, aliona kwamba huenda mwenye upanga alitumia mkono wa kushoto. Nakala ikitengenezwa iking'aa sawasawa pande zote, mkono huo unapotea kabisa. Ndiyo maana, kabla mhunzi hajawasha moto, namtaka kwanza achore mahali palipochakaa.