Seva za Usimamizi na Akidi ya Kundi katika Ufuatiliaji wa Kompyuta za UNIX

Katika mfumo wa Operations Manager wa kampuni ya Microsoft, kompyuta za Windows na zile za UNIX au Linux hufuatiliwa kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo huwaponza wasimamizi wengi wanapopanga ni seva ipi ishike zamu nyingine inapozimika. Wakala, yaani programu ndogo ya ufuatiliaji, aliyesakinishwa kwenye Windows huijua seva yake ya kwanza pamoja na za akiba, hivyo ile ya kwanza ikikatika huitafuta nyingine mwenyewe. Wakala wa UNIX hatafuti seva ya kumpokea. Husubiri kuulizwa kwenye poti 1270, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo, na seva ya usimamizi ndiyo inayomwendea. Kwa hiyo, kinga ya ufuatiliaji wa UNIX hupangwa upande wa seva zinazouliza, ambazo huunganishwa katika kundi la rasilimali.

Seva moja ya kundi ikianguka, zilizobaki hugawana kompyuta zake, mradi akidi imetimia, yaani zaidi ya nusu ya kura zipo. Kwa kawaida hifadhidata ya uendeshaji, inayotunza mipangilio na taarifa za ufuatiliaji, nayo huhesabiwa kuwa na kura moja. Seva mbili na hifadhidata hufanya kura tatu, na kundi humudu kupoteza moja. Ukiongeza seva ya tatu, kura huwa nne na zinazohitajika ni tatu, kwa hiyo bado unaweza kupoteza moja tu. Umepata nguvu zaidi ya kubeba kazi, lakini si ustahimilivu zaidi. Seva za lango, zinazopitisha taarifa kutoka mitandao ya mbali hadi kwenye seva za usimamizi, haziifikii hifadhidata hiyo, na ndiyo sababu kundi la seva za lango lisiwe na wanachama chini ya watatu.

Ni vyema kompyuta za UNIX ziwe na kundi lao mahususi. Lile kundi la jumla la seva zote hupokea kila seva mpya bila kuulizwa, hata ile ambayo bado haijaandaliwa kabisa kuzungumza na UNIX.

Maandalizi yenyewe yana uzito zaidi katika vyeti vya kidijitali, yaani faili zinazothibitisha utambulisho wa kompyuta. Wakala anaposakinishwa, cheti chake hutiwa saini na seva iliyofanya kazi hiyo, na seva nyingine za kundi hazikiamini cheti hicho mpaka zipewe cheti cha seva iliyokitia saini. Kila seva hutoa cheti chake kwa programu ya scxcertconfig kwa kutumia chaguo la -export, kisha kila mwenzake hukiingiza kwa chaguo la -import. Katika kundi la seva tatu, kila moja huingiza vyeti viwili. Hatua hii ikisahaulika hakuna dalili yoyote siku za kawaida. Kosa hujitokeza siku ya hitilafu, pale seva inayopokea zamu inapolalamika kwamba cheti kimetiwa saini na mamlaka isiyojulikana.

Akaunti za kuingilia kwenye kompyuta za UNIX zisambazwe kwa kundi zima, si kwa seva moja. Kila seva iweze kulitambua jina kamili la kompyuta kutoka kwenye anwani yake na anwani kutoka kwenye jina, kwa kuwa jina lililomo kwenye cheti lisipolingana na lile linalotumiwa, mawasiliano hukataliwa. Ukutamoto uruhusu seva zote za kundi kufika poti 1270, na poti 22 kwa usakinishaji na matengenezo, lakini usiruhusu mtu mwingine yeyote. Tahadhari hiyo ina sababu: Septemba 2021 ilitangazwa kasoro ya CVE-2021-38647 katika OMI, programu ambayo wakala huyu hujengwa juu yake, iliyomwezesha mtu asiye na nywila, akiifikia poti 1270 tu, kutoa amri kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta.

Jaribio la kweli ni kusimamisha huduma ya ufuatiliaji kwenye seva moja kwa makusudi, kusubiri dakika kadhaa, na kuona kama kompyuta zake zinabaki kijani, yaani zinaonyeshwa kuwa katika hali nzuri. Kisha kuirejesha na kufanya vivyo hivyo kwa kila seva inayofuata, maana seva ya kwanza kufaulu hakuthibitishi kwamba ya pili ina vyeti vyote. Kompyuta zilizokwisha kusajiliwa huhamishiwa kundi jipya kwa amri ya Set-SCXResourcePool, lakini amri hiyo itolewe baada ya vyeti na akaunti kuwa tayari kwenye seva zote za kundi linalozipokea.