Mwalimu kuanza kipindi na "Bwana asifiwe", inaruhusiwa?

Mimi ni mthibiti ubora wa shule, wale wa zamani bado mnatuita wakaguzi, sawa tu. Nimezunguka sana shule za Iringa na Mufindi, na swali ambalo walimu wananing'ang'ania nalo tukishakaa kwenye chai sio la andalio la somo wala azimio la kazi, ni hili la dini.

Nianze na nilichokiona. Shule siitaji. Mwezi wa saba, baridi ile ya Mafinga watoto wanaandika mikono imejificha kwenye masweta. Mwalimu wa Hisabati, kijana anayefundisha haswa, kaingia na "Bwana asifiweee!" darasa likapasuka "Amina!" Mimi nimekaa dawati la nyuma, pembeni yangu kuna kabinti kamevaa hijabu, midomo imecheza ila sauti haikutoka. Mwalimu akarudia, safari hii anamwangalia yeye, "mbona wengine hamuitiki?" Kakaitika.

Sasa kijana wa watu hakuwa na ubaya wowote, huku kwetu hiyo ni salamu kama kamwene tu. Na ina historia yake maana shule nyingi za serikali za huku zilianza kama za misheni, Wamoraviani upande wa Mbeya, Walutheri, Wakatoliki, serikali ikazichukua kwa sheria ya elimu ya 1969, majengo yakahama mikono lakini mazoea yakabaki palepale.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 3 inasema nchi haina dini, ibara ya 19 inasema kutangaza dini, kuabudu na kueneza ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Watu wanaona kama zinagombana, mi sioni. Nchi haina dini, mwalimu anayo. Kwahiyo rozari mfukoni, hijabu ya mwalimu, kutoka kwenda Ijumaa kama ameshapanga vipindi vyake na mwenzie, hayo siandiki popote. Ninachoangalia ni kimoja, je mtoto anaweza kukataa? Ukiwa mbele ya darasa una chaki, una peni nyekundu, wengine mna na fimbo, mtoto wa la tano atakukatalia vipi?

Kuna mwalimu aliniletea habari ya Marekani, "mbona kule kocha kashinda kesi?" Kweli, 2022, kocha Kennedy wa timu ya shule ya serikali huko Bremerton, aliyekuwa anapiga goti kusali katikati ya uwanja mechi ikiisha, majaji 6 kwa 3. Lakini wale 6 walisema ile ilikuwa sala yake binafsi, sio sehemu ya kazi, na hakuna aliyelazimishwa, wale 3 ndo wakasema mchezaji anayetaka namba atabaki amesimama kweli? Mi nipo na wale 3 ila ndo hivo. Na hukohuko tangu 1962 sala iliyotungwa na mamlaka isomwe darasani ilishapigwa marufuku.

Kipindi cha dini ni kitu kingine, kipo kwenye ratiba, watoto wanagawanyika, katekista anachukua wake, mwinjilisti wake, ustadhi wake. Kinachoniudhi ni pale ustadhi hayupo halafu watoto wa Kiislamu wanapewa mafagio wakafagie uwanja, hapo naandika kwa herufi kubwa. Na anayefundisha Maarifa ya Biblia ya mtihani wa NECTA anafanya kazi yake, asiguswe.

Yule wa Hisabati nilikaa naye baadae, akanionyesha jaribio lake la asilimia kwa wasiwasi: mama kavuna magunia 80 ya viazi, fungu la kumi ni magunia mangapi? Nikamwambia hilo liache, ni hesabu nzuri, ongeza na la zaka ya fedha ya Waislamu, asilimia 2.5 ya shilingi 400,000, watapata 10,000 na desimali watakuwa wamefanya. Akacheka. Ile salamu akasema ataacha.

Halafu akaniuliza, na mtoto akiniuliza mwalimu unasali wapi? Mjibu, kanisa fulani, halafu rudi ubaoni.