"Mwili wangu naujua" sio mashine ya presha

Wiki hii nimeisikia tena: "Dokta, mimi mwili wangu naujua, presha ikipanda naihisi." Jamani. Kazi yangu ndo hii, kila siku niko kliniki ya presha, na presha yangu mwenyewe siihisi. Mtu anaingia ana 190 kwa 110, anacheka, anapiga stori za mpira, anayemfuata ana 118 kwa 76, namba nzuri kabisa, na kichwa kinampasuka.

Mwambie anayesema anaihisi akueleze huwa anapima lini. Utasikia kichwa kikigonga, au moyo ukienda mbio, au akishakorofishwa na mtu. Siku yuko poa hapimi, apime ya nini? Basi kila akipima anakuta iko juu, anapiga meza, si nilisema! Kumbe siku ya Jumanne alipokuwa amejilaza anaangalia tamthilia huenda ilikuwa hapohapo juu, ila Jumanne mashine ilikuwa kabatini. Na maumivu yenyewe yanapandisha presha, hofu inapandisha, kwa hiyo hata ile namba ya siku ya kichwa huenda kichwa ndo kimeileta. Mtu anakusanya ushahidi miaka na miaka na wote wa upande mmoja, halafu anauita uzoefu.

Kuna hili lingine ambalo ndo linanikosesha usingizi kabisa. Akili ya binadamu inajifunza vizuri pale ambapo ukikosea unajua mapema, dereva akikata kona vibaya anajua hapohapo. Presha haikwambii. Acha dawa leo, kesho unaamka mzima, tena unajisikia vizuri kuliko jana! Miguu iliyokuwa inavimba kwa sababu ya amlodipine inanywea, kama ulikuwa kwenye dawa ya kukojosha unaacha kukimbilia chooni kila saa, ule uchovu wa atenolol unaondoka, mtu anasema si unaona, dawa ndo zilikuwa zinaniumiza. Yaani mwili unakupongeza kwa kuacha. Deni linakuja baadaye sana, kwenye figo, kwenye moyo, au kiharusi, na likija hakuna anayekumbuka alianza kuacha lini. (Atenolol na ndugu zake usiziache ghafla, hasa ukiwa na ugonjwa wa moyo. Hilo nitaliandikia siku nyingine.)

Hapa ndo huwa naletewa karata ya mwisho: mbona hata wataalamu wanakosea? Wanakosea, tena kwenye presha hiihii. Kuna kipindi madaktari wakubwa kabisa waliamini presha ikipanda ni mwili unajisaidia kusukuma damu kwenye mishipa iliyokakamaa, ukiishusha unamdhuru mgonjwa. Roosevelt, rais wa Marekani, presha yake ilijulikana iko juu, ila daktari wake mkuu, bingwa wa masikio na pua, aliendelea kuwaambia watu rais hana shida. Tarehe 12 Aprili 1945 akalalamika kichwa kinamuuma sana, wakapima wakakuta 300 kwa 190, damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo na siku hiyohiyo akafa.

Sasa nani aliwasahihisha hao wakubwa? Sio mgonjwa aliyeusikiliza mwili wake. Yalikuja matokeo ya 1967 kutoka hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani: wanaume 143, namba ya chini (ile ya pili) kati ya 115 na 129, wengine wakapewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa ndani, wakafuatiliwa. Wa vidonge hewa wakaumia zaidi, na tofauti haikuhitaji miwani. Hisia za daktari zilishindwa na kipimo, na za mgonjwa zingeshindwa vilevile, maana wote wawili walikuwa wanabahatisha kitu kisichohisika.

Ila yapo ambayo unayajua kuliko mimi, na daktari anayekubishia kwenye hayo ndo amekosea. Umeanza lisinopril au enalapril, ukapata kikohozi kikavu kisichoisha, ukisema ni dawa, daktari aanze kwa kukuamini wewe. Kuna watu wanaandikiwa dawa ya kikohozi juu ya kikohozi cha dawa, inatia hasira. Mzee akisema akisimama anaona giza, asiambiwe "utazoea", apimwe akiwa amesimama. Na ukisema "nyumbani haiko hivi" mara nyingi uko sahihi, kliniki umepimwa mkono unaning'inia, mkojo umekubana, huku unajibu maswali, na koti jeupe limekutisha.

Hata sisi madaktari hatujakubaliana presha ya juu inaanzia namba ngapi. Mwaka 2017 Marekani walishusha mstari kutoka 140/90 hadi 130/80, watu kibao wakalala wazima wakaamka wagonjwa. Ulaya mwaka 2018 wakabaki na 140/90. Mtu mwenye namba ya juu 134 asiye na kisukari wala ugonjwa wa moyo, mimi nasitasita kumpa kidonge. Na hata wa 165 siwezi kumuahidi kwamba dawa itamuokoa yeye, tunatibu wengi ili wachache wasipate kiharusi, na hao wachache hawajulikani, hata baadaye hawajulikani.

Kwa hiyo ukitaka kubishana na mimi njoo na namba. Siku saba, asubuhi na jioni, mara mbilimbili, umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono uko mezani. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki toa wastani, na usiruke siku unazojisikia poa. Ukiwa humezi dawa na wastani uko chini ya 135/85, mimi ndo nitarudi nyuma. Ila kama unameza dawa na namba ni nzuri, hizo ni namba za dawa, usije ukaniambia umepona.