Msibani wanasema nini: dhana na ukweli kuhusu maisha baada ya kifo

Katika ukoo mmoja wa Masasi au Newala si ajabu kumkuta shehe, mwinjilisti na babu anayejua kutambika. Akifa mmoja, wote hukaa tanga moja, na usiku kila mtu humsimulia mwenzake dini ya yule ambaye hayupo karibu. Hapo ndipo mengi huharibika. Tumeona watu wanavyozika, basi tunakisia wanachoamini.

"Roho ya Mwislamu huzunguka nyumbani hadi arobaini"

Hii utaisikia Lindi na Mikindani, tena kwa Waislamu wenyewe. Qurani haisemi hivyo. Sura ya 23, aya ya 100, inataja barzakhi, kizuizi kati ya waliokufa na dunia, mpaka siku ya kufufuliwa. Kwa mafundisho ya Sunni, maiti akishalazwa mwanandani na watu wakaondoka, huja malaika wawili, Munkari na Nakiri, wamuulize Mola wake ni nani, dini yake ni ipi na Mtume wake ni nani. Kaburi humpanukia au humbana kwa kadiri ya majibu yake. Pepo na moto vyenyewe hungoja Kiyama na hesabu, ingawa mashahidi, kwa aya ya 169 ya sura ya 3, wako hai kwa Mola wao wakiruzukiwa.

Arobaini basi ni ya nini? Ni desturi: hitima husomwa, dua huombwa, watu hula. Wako masheikh wanaoiunga mkono na wako wanaoiita bidaa, yaani jambo lililozuliwa katika dini, na mabishano hayo hayajaisha. Ila hakuna upande wowote unaofundisha kwamba marehemu yuko darini anasubiri pilau. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inataja mambo matatu yasiyokatika mtu akifa: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Aliyechimba kisima Nachingwea, kwa imani hii, anaendelea kupata thawabu kila ndoo inapojazwa.

Na eda nayo, muda wa mjane kungoja kabla ya kuolewa tena, si kinga ya mjane dhidi ya roho ya mumewe, kama wengine wanavyonong'ona. Miezi minne na siku kumi imetajwa katika sura ya pili, aya ya 234. Mwenye mimba, eda yake huisha akijifungua.

"Mkristo akifa, anapaa moja kwa moja, basi"

Wakristo gani? Wasabato, kwa mfano, wanafundisha kwamba mfu amelala, hajui lolote (Mhubiri 9:5), mpaka Kristo arudi. Kwao hata waovu hawateswi milele, huangamizwa, wakaisha. Wakatoliki na Waanglikana wanakiri katika Kanuni ya Imani ufufuko wa mwili, yaani safari haiishii kwenye roho kupaa.

Toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kifo, nayo hueleweka vibaya kuliko yote. Wengi hudhani ni mtihani wa marudio kwa waliofeli. Kwa Kanisa Katoliki, walioko huko wamekwisha kuokoka. Wamekufa katika neema, wanatakaswa kabla ya kuingia mbinguni, na hakuna anayetoka toharani kwenda motoni. Ndiyo maana tarehe 2 Novemba waumini, wa Ndanda kama wa kwingine, huwaombea marehemu wote. Kwa Waanglikana mambo ni ya kuchekesha kidogo. Kifungu cha 22 kati ya vile 39 vya imani yao kinakataa fundisho la Roma kuhusu toharani, lakini UMCA, wamisionari wa Kianglikana waliofika Masasi mwaka 1876, walikuwa wa mrengo ulio karibu sana na Ukatoliki, na kuwaombea marehemu kwao hakukuwa mwiko.

"Wahindu huchoma maiti kwa kuwa hawaamini kuna maisha mengine"

Ni kinyume kabisa. Wanaamini roho haifi. Bhagavad Gita, sura ya 2, ubeti wa 22, unasema roho huacha mwili uliochakaa kama mtu anavyovua nguo kuukuu akavaa mpya. Moto unauhusu mwili tu. Roho huzaliwa tena kwa kadiri ya karma, yaani matendo yake, hadi ifikie moksha, itoke kwenye mzunguko. Watoto wachanga kwa kawaida huzikwa. Tena tusiwaite Wahindi wote Wahindu: Waismailia na Mabohora ni Waislamu, nao huzika.

(Kanisa Katoliki lenyewe liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963. Mwaka 2016 Roma ikasisitiza majivu yasitawanywe.)

"Watu wa mila huabudu mizimu"

Wamakonde wanamjua Nnungu, Wayao wanamjua Mulungu. Mahoka wa Wamakonde ni wazee waliotangulia. Huombwa, hukumbukwa, hupewa unga, lakini hawashiki nafasi ya Mungu. Mwanazuoni Mkenya John Mbiti aliwaita wafu walio hai: wanabaki jamaa maadamu kuna anayewakumbuka kwa jina. Yeye huyo alibainisha kwamba katika dini nyingi za jadi za Kiafrika hakuna siku ya hukumu wala malipo ya huko baadaye. Kosa hulipwa hapahapa, kwa ugonjwa, ukame au mifarakano. Ukimwuliza yule babu wa tambiko kama marehemu ameenda peponi au motoni, usishangae akikutazama tu. Swali hilo halikutoka kwenye dini yake.