Ukungu ndani ya taa ya gari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa mvua hapa Mwanza, asubuhi utakuta taa za mbele za magari mengi zimeota ukungu kwa ndani. Wenye magari hudhani taa imekufa, na wengi hutozwa pesa ya taa mpya bila sababu.

Taa haijazibwa kama chupa ya soda. Kwa nyuma ina vitundu vya kupumulia. Ukiwasha, hewa ya ndani inapata joto, inatanuka na kutoka. Ukizima, inapoa na kuvuta hewa ya nje, ambayo kwetu tulio kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Usiku kioo kikipoa, unyevu huo unageuka matone madogo. Ukungu mwepesi unaotoweka baada ya kuendesha kwa muda si ubovu, na kwenye taa za LED hukawia zaidi kwa sababu hazipashi kioo joto kama globu za halojeni. Tatizo ni matone makubwa yanayotiririka, au maji yaliyotuama chini.

Wapo wanaosema toboa tundu chini, maji yatoke. Yatatoka, ndiyo. Ila tundu hilohilo litaingiza vumbi na maji machafu yanayorushwa na tairi, na ule ung'avu wa ndani unaoakisi mwanga ukishachafuka, kuurudisha ni kazi ngumu. Taa inabaki hafifu. Fikiria unatoka Usagara kuelekea Kigongo usiku na taa ya namna hiyo, mbele yako kuna mtu kwenye baiskeli isiyo na taa. Tafadhali usikubali drili iguse taa yako.

Kupaka silikoni kuzunguka taa nzima nako si dawa: unaziba vitundu vya kupumulia na kuufungia unyevu ndani.

Anza na kisichogharimu. Zima taa, iache ipoe, fungua boneti utazame mfuniko au raba iliyo nyuma ya globu. Mara nyingi globu ikibadilishwa, raba hairudishwi vizuri. Yangu niliikuta imelala juu ya betri. Toa globu bila kugusa kioo chake kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huiunguza mapema. Kausha taa kwa draya ya nywele yenye joto dogo, kwa kuwa kioo cha taa nyingi za sasa ni plastiki na hupinda. Safisha vitundu, rudisha raba.

Maji yakirudi, mwagia taa maji ya bomba bila presha, sehemu moja baada ya nyingine, uone yanapoingilia. Kama ni kwenye maungio, taa ifunguliwe, gundi ya zamani itolewe, iwekwe mpya.

Na vijana wa kuosha magari waambie wasielekeze presha kwenye taa iliyotoka kuwaka: maji baridi huipoza ghafla, nayo huyavuta ndani kupitia raba iliyochoka.